Vidaka vya Sebule ya Juu: Shajara ya Kuvirudisha Vyombo vya Bibi kwa Wageni

3 Rajabu

Leo nimelifungua kasha la bibi ambalo halikuguswa tangu alipofariki, na kwa hivyo kazi niliyoiahirisha mara mbili imeanza. Nia yangu ni kuvirejesha vyombo vyake vya kauri katika vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vya sebule ya juu, hapa nyumbani kwetu Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja, na kisha kuwakaribisha wageni wa Iddi Mosi kwa vyombo hivyo hivyo badala ya sahani za plastiki tulizozizoea miaka hii. Mambo hayo mawili nimeyaweka pamoja kwa makusudi. Nimekwisha kuingia katika sebule kadhaa za Mji Mkongwe zilizopambwa kwa sahani za kale ambazo hakuna mgeni anayeruhusiwa kuzigusa, na kila mara nimetoka na huzuni, kwa sababu naamini kwamba chombo kilichonunuliwa ili kumkirimu mgeni hakijarudi mahali pake mpaka mgeni akishike.

Katikati ya kanga kuukuu na magazeti yaliyogeuka manjano nimetoa vyombo 31: vikombe 9 vya kahawa visivyo na mikono, bakuli 7, sahani 11, makombe 2 makubwa, yaani sahani pana za kupakulia, buli moja na jagi moja. Kila kimoja nimekiweka juu ya kiganja kilicho wazi na kukigonga ukingoni kwa ukucha. Chombo kizima hulia na sauti yake ikabaki kidogo hewani kama ya kengele ndogo. Chenye ufa, hata ule usioonekana kwa macho, hutoa mlio mfupi uliokufa. Vikombe vyote 9 vimelia. Sahani 3 na bakuli moja hazikulia. Nimeliandika kila jibu katika daftari, chombo kwa chombo, kwa sababu nataka nije kuvigonga tena baada ya sikukuu.

6 Rajabu

Siku nzima nimeipitisha katika kuvigeuza vyombo chini juu, kwa kuwa nasaba ya chombo aghalabu huandikwa kitakoni.

Bakuli 4 zina chapa ya sfinksi, yule simba wa Misri mwenye kichwa cha binadamu, pamoja na jina la Petrus Regout na la mji wa Maastricht, Uholanzi. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1834, kikaja kuitwa De Sphinx mwaka 1899, na bidhaa zake zilifika kwa wingi katika nchi za Bahari ya Hindi, bandari zetu zikiwemo. Bakuli moja kati ya hizo nne ina pia jina la nchi lililoandikwa kwa Kiingereza, na hilo lanifanya niihesabu kuwa changa kuliko wenzake, maana desturi ya kuandika nchi ilienea baada ya Marekani kuanza kuidai kwa sheria kwenye bidhaa za kigeni mwaka 1891.

Ua la bakuli hizi halikuchorwa kwa brashi. Limepigwa kwa kipande cha sponji kilichokatwa kwa umbo la ua, kikachovywa katika rangi na kugandamizwa hatua kwa hatua kuzunguka tumbo la bakuli. Ukiizungusha taratibu utafika mahali ambapo mpigaji aliishiwa na nafasi: ua la mwisho limepanda nusu juu ya ua la kwanza, jekundu juu ya jekundu, na hapo rangi imekoza kama damu ya komamanga. Mimi napapenda hapo kuliko nakshi nzima iliyobaki, kwa sababu ndipo mkono wa mtu unapoonekana. Watafiti wa mambo ya kale wamevipata vigae vya aina hii hata mashamba ya Unguja, kwenye makazi ya karne ya 19 yaliyozungukwa na mikarafuu, kwa hivyo havikuwa vyombo vya mabwana wa majumba ya pwani peke yao.

Bakuli 3 zilizosalia ni za Kichina, nyeupe kwa buluu. Ndani, chini kabisa, zina duara lisilo na mng'aro, yaani lisilo na lile tabaka la kioo lililoyeyushwa juu ya udongo. Ukipitisha kidole utaona panakwaruza kama ulimi wa paka. Hapo ndipo bakuli jingine lilipopandishwa juu yake tanuruni, na fundi aliufuta mng'aro ili vyombo visigandane katika moto.

Katika zile sahani, 5 zimetobolewa matundu mawili katika pete ya kitako ili zipitishwe uzi na kutundikwa. Moja imevunjika zamani na kuungwa kwa pini 3 za shaba zilizoshika kingo za ufa mithili ya mshono. Fundi aliyeziweka alitoboa nusu tu ya unene wa sahani, kwani upande wa mbele hakuna tundu hata moja.

9 Rajabu

Leo ni zamu ya ukuta. Una vidaka 12, safu tatu za vidaka vinne vinne, vilivyojengwa pamoja na ukuta wenyewe wa mawe ya matumbawe na chokaa. Unene wa ukuta huo, unaokaribia sentimita 60, ndio uliompa mwashi wa zamani nafasi ya kuviingiza ndani bila ya kuudhoofisha.

Safu ya chini imeharibika. Miaka kadhaa iliyopita fundi mmoja tuliyemwita kwa haraka alizikandika kingo zake kwa saruji, na sisi tukamshukuru kwa sababu palionekana papya. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kaskazi. Saruji huuziba mlango huo, unyevu ukatafuta njia pembeni, na chumvi iliyomo katika mawe yaliyotoka baharini hutoka nao ikaganda juu kama unga. Leo nimekwangua kiganja kizima cha unga huo kutoka kidaka kimoja. Chumvi hiyo hiyo ni adui wa kauri ya udongo laini, kwa hivyo hakuna chombo kitakachorudi hapa kabla saruji haijaondoka.

Nimepeleka mchoro na maelezo kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, kwani matengenezo ya nyumba za humu huombewa ruhusa kwao, na mji wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000.

17 Rajabu

Ruhusa imetoka. Saruji inabanduliwa kwa patasi na nyundo ndogo, na vyombo vyote nimevihamishia chumba cha nyuma, sakafuni, juu ya godoro, ili mtikisiko usiviangushe.

21 Rajabu

Fundi mwashi amepiga mkono wa kwanza wa lipu ya chokaa na mchanga, na tumeufunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Jua la kaskazi likiikausha chokaa kwa haraka huipasua. Inataka kukaa na ubichi wake siku kadhaa ili ishike polepole kwa hewa.

Alipoziona bakuli za Kichina akaniambia, "Bibie, kwa nini tusizipachike ukutani sasa hivi chokaa ikiwa mbichi? Zitakaa milele." Alisema kwa nia njema, na neno lake lina asili, maana wazee wa pwani hii walizipachika bakuli na sahani za Kichina hata kwenye nguzo za makaburi, kama zinavyoonekana Kunduchi. Lakini nimemwomba aniwie radhi. Bakuli likiisha kupachikwa halitatiwa tena kitu, na bakuli hizi nazitaka kwa kaimati.

24 Rajabu

Nimeanza kusafisha. Sahani nyingi zimetosheka na maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa cha pamba, ndani ya beseni lililotandikwa taulo ili ukingo usigonge. Ile yenye pini za shaba sikuitumbukiza kabisa, kwa kuwa maji huingia katika matundu na kuilisha kutu ya kijani, bali nimeipangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Buli nalo nimelipangusa tu, kwa sababu nakshi zake za dhahabu zimewekwa juu ya mng'aro na hutoka kwa kusuguliwa.

Sahani moja ya udongo mweupe, yenye vijufa vyembamba kama utando wa buibui katika mng'aro wake, ilikuwa na madoa ya hudhurungi yaliyonikera. Nimeilowesha katika dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Usiku huu imekwisha kuwa nyeupe, na kesho nakusudia kuliingiza kombe jeupe, ambalo vijufa vyake vina rangi ya manjano.

26 Rajabu

Shangazi amewasili kwa boti kutoka Pemba ili tuwe pamoja usiku wa Miraji, na amefika kabla sijafanya kosa kubwa kuliko nililolifanya. Jana sikulipata beseni la kutosha, hivyo kombe jeupe lilikuwa bado mezani, na chupa ya dawa kando yake.

"Unataka kulifanya nini hili, mwanangu?"

"Nalisafisha, shangazi. Limeshika uchafu katika nyufa."

Akaketi, akalipakata, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Huu si uchafu. Hii ni zafarani."

Kisha akanieleza. Kombe hili halikupata kutiwa biriani wala pilau. Mtoto alipougua, au mzazi alipochelewa kujifungua, babu alikaa nalo akaandika juu yake aya za Kurani kwa zafarani iliyovurugwa katika marashi mawaridi, maandishi yakasafishwa kwa maji safi, na mgonjwa akanywa maji hayo. Dawa yenyewe huitwa kombe, kama chombo chake, na bado watu wa Unguja na Pemba wanainywa. Kila mara maji yalipopita yaliacha chembe ya rangi katika vile vijufa, mwaka baada ya mwaka, mpaka utando wote ukawa wa manjano. Nimelitazama tena leo kwa kioo cha kukuzia. Manjano yanakoza katikati, yanafifia kuelekea kingoni, na katika ukingo wa nje, ambako hakuna aliyeandika, vijufa ni vyeupe kabisa. Mpaka wa maandishi ya babu umo humo.

Shangazi ameomba mambo mawili: lisitiwe chakula, na likae juu kuliko vyote. Nimeyakubali yote mawili. Nimeandika pia katika daftari, kwa herufi kubwa, kwamba doa halitaondolewa tena katika chombo chochote cha nyumba hii kabla ya kuulizwa mtu mzima aliyekijua kikitumika.

8 Shaabani

Ile sahani niliyoilowesha imenilipa. Wiki mbili baada ya kukauka, ukingo wake umetoa unga mweupe, na kigamba cha mng'aro chenye ukubwa wa punje ya mchele kimeng'oka. Udongo wa sahani za namna hii hunyonya kama mkate, kwa hivyo dawa iliingia kupitia vijufa, maji yakakauka, chumvi zake zikabaki ndani na kukua fuwele chini ya mng'aro mpaka zikaunyanyua.

Dawa ya chumvi ni maji yasiyo na chumvi. Maji ya bomba hapa mjini yana ladha yake, hayafai. Nimenunua maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, nikahakikisha ni maji matupu na si tindikali, na sahani imelala humo. Nayabadilisha kila siku ya pili. Kabla ya kuyamwaga natia tone moja juu ya kipande cha kioo na kukianika juani. Leo tone limekauka na kuacha pete nyeupe, nene, inayofutika kwa kidole. Pete hiyo itakapokuwa haionekani tena, chumvi itakuwa imetoka. Kigamba kilichong'oka hakitarudi.

13 Shaabani

Ukuta umepata mkono wa mwisho na chokaa ya kupaka. Seremala ameleta rafu za msaji, na nimemwagiza kila rafu iwe na mdomo wa nusu inchi mbele ili chombo kisiteleze, na nyuma iache nafasi ya vidole viwili ili kauri isigusane na chokaa changa.

Juu ya rangi ya rafu tumebishana nyumbani. Wengi walitaka nyeupe. Mimi nimeshika kijani, na hoja yangu ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 anaeleza vyumba vya Unguja vya utoto wake, vyenye vidaka virefu vilivyogawanywa kwa rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani, na juu yake zimepangwa bilauri na kauri bora ambazo wenye nyumba hawakuona taabu kuzilipia bei yoyote. Tumepaka kijani. Buluu ya Kichina juu ya kijani, na chokaa nyeupe nyuma yake, imetulia kuliko nilivyotarajia. Rangi itakauka wiki mbili kabla ya chombo chochote kupanda.

27 Shaabani

Nimekigawa kila chombo katika mafungu matatu, na mgawanyo huu ndio uti wa kazi yote.

Fungu la kwanza ni vya meza: vikombe vya kahawa, bakuli za Kichina na kombe kubwa la buluu, vyote vya kauri ngumu iliyochomwa kwa moto mkali sana, rangi yake ikiwa chini ya mng'aro, na vyote vikilia vinapogongwa. Hivi vitatumika bila ya hofu. Fungu la pili ni vya vikavu: bakuli za Maastricht na sahani za udongo mweupe ambazo ni nzima. Ming'aro ya vyombo vya Ulaya vya karne ya 19 aghalabu ilitiwa madini ya risasi, na asidi ndiyo inayoyatoa, kwa hivyo humo hapaingii achari, ndimu, ukwaju wala siki, wala chakula cha kulaza. Visheti, vileja na biskuti hukaa humo kwa saa mbili, tena juu ya kipande cha jani la mgomba. Bakuli ile moja isiyolia naiweka nje ya fungu hili ingawa ni ya Maastricht. Fungu la tatu ni vya ukuta: vyenye ufa, vyenye pini, buli la dhahabu, na kombe la babu.

Kisha nimepanga. Kombe la babu liko safu ya juu, peke yake katika kidaka cha pili, na sahani zilizotobolewa zimetundikwa kwa uzi mpya wa pamba katika vidaka jirani. Vizito na vya meza vimekaa safu ya kati, ambayo mtu mzima huifikia bila ya kupanda kiti. Safu ya chini, ambako mikono ya watoto inafika, nimeweka shaba: dele la kahawa, mrashi wa kunyunyizia marashi, birika na tasa la kunawia. Chetezo nimekihamishia dirishani, kwa sababu moshi wa udi ukiingia kidakani siku zote huacha utando wa mafuta juu ya kauri.

Kidaka kimoja cha safu ya kati nimekiacha kitupu. Ni cha sahani iliyo majini.

19 Ramadhani

Tumevijaribu vikombe kwa kahawa baada ya tarawehe, sisi wa nyumbani tu. Kahawa ya dele huja ikichemka, na kikombe cha kale kilichopoa kinaweza kupasuka kwa mshituko huo, kwa hivyo kwanza tunavitia maji ya uvuguvugu, tunamwaga, kisha tunamimina. Tone la maji ya sahani leo limeacha pete nyembamba kama uzi.

1 Mfunguo Mosi

Iddi Mosi imefika. Wameingia wageni 26, wengi wao kati ya kurudi msikitini na adhuhuri. Halua ilikaa katika bakuli la Kichina pamoja na kisu kidogo cha mbao, kaimati katika jingine, visheti na vileja katika zile za sponji juu ya majani ya mgomba. Achari na mbatata za ukwaju ziliwekwa katika bilauri na sahani za kioo. Pilau ilipakuliwa katika kombe la buluu likiwa limekwisha kuwekwa juu ya sinia mezani, ili lisibebwe likiwa na uzito, na lilipotaka kuongezwa ilibebwa sufuria badala ya kombe.

Nilidhani watu wataviogopa vyombo. Walipoambiwa ni vya kutumiwa, waliacha kuvitazama kwa mbali wakaanza kuvishika kwa mikono miwili, na mazungumzo yakahamia kwenye vyombo vya kwao: nani alirithi jagi, nani aliuza sahani za mamake mwaka wa njaa na bado anaziota. Ami yangu, mzee asiyependa maneno mengi, alikinywea kikombe chake, akakigeuza, akasema kwamba mara ya mwisho kukishika ilikuwa siku ya arusi yake, katika chumba hiki hiki. Vikombe 9 kwa wageni 26 maana yake ni zamu, na kati ya zamu na zamu vilioshwa na mtu mmoja tu, binti wa shangazi, ambaye nilimwomba asifanye kazi nyingine yoyote.

Kombe la babu halikushushwa. Shangazi alimwonesha kila mtoto kwa kidole, mmoja mmoja, mahali ambapo manjano yanakoma.

5 Mfunguo Mosi

Vyombo vyote vilivyotumika vimekaa siku tatu juu ya taulo mahali penye hewa kabla ya kurudi rafuni, na leo nimevigonga tena. Bakuli zote zilizotumika zimelia kama zilivyolia 3 Rajabu, na kombe la buluu pia. Kikombe cha sita kimetoa mlio uliokufa. Nimekitafuta ufa kwa kioo cha kukuzia mchana kutwa bila ya kuuona, lakini daftari linasema kililia na sasa hakilii, kwa hivyo nimekihamisha kutoka fungu la meza kwenda fungu la ukuta, na nimekiweka safu ya juu, chini ya sahani yenye pini za shaba. Vya kunywea vimebaki 8.

Sahani iliyokuwa majini imetoka. Matone matatu ya mwisho yamekauka juu ya kioo bila ya pete. Nimeiegemeza kivulini ikauke polepole kwa mwezi mzima, na kidaka chake kinaisubiri.